Jinsi viuavijasumu vya kila mara vinavyowaponza wazee

KATIKA Kaunti ya Isiolo, mzee akilalamika kwamba magoti yanamuuma, kiuno kimekaza na jioni mwili unapata joto, mara nyingi jamaa zake huwa na jibu tayari hata kabla hajamwona daktari. Husema ni brusela, ugonjwa ambao binadamu huupata kutoka kwa mifugo.

Mgonjwa hupelekwa kwenye zahanati au duka la dawa lililo karibu, hutolewa damu kidogo na kuambiwa kwamba ugonjwa umeonekana. Huondoka na mfuko wa vidonge vya kumezwa kwa wiki kadhaa. Maumivu hutulia, kisha hurejea baada ya miezi michache, na yanaporejea, mfuko wa vidonge nao hurejea.

Kwa kijana mwenye figo imara, mzunguko huo waweza kupita bila kuacha alama kubwa. Kwa mtu aliyetimiza umri wa miaka 60 na zaidi, mambo ni tofauti. Kila dozi ya viuavijasumu, au antibiotiki kama wengi wanavyoziita, huweza kuongeza hatari iliyoachwa na dozi iliyotangulia.

Hatari hiyo haitambuliki kwa urahisi kwa sababu dalili zake zinafanana mno na uzee wenyewe. Mzee huanza kutosikia vizuri, kuyumba anapotembea, kusahau, kukosa hamu ya chakula au kuhara. Familia husema ni miaka imekwenda, ilhali huenda chanzo kimo ndani ya mfuko wa dawa ulio chini ya kitanda chake.

Ugonjwa wa kweli, kipimo cha kutiliwa shaka

Mji wa Isiolo, ulio yapata kilomita 280 kutoka Nairobi, ndio lango la kuingilia kaskazini mwa Kenya. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti nzima, wakiwemo Waborana, Waturkana, Wasamburu, Wasomali na Wameru. Ngamia, ng'ombe, mbuzi na kondoo ndio tegemeo la wengi wao, na maziwa ya ngamia kutoka Isiolo yana soko kubwa katika mtaa wa Eastleigh jijini Nairobi.

Brusela husababishwa na bakteria wanaoishi katika miili ya mifugo hiyo. Binadamu huambukizwa anapokunywa maziwa mabichi, anapomzalisha mnyama au anaposhika kondo la nyuma bila kinga ya mikono.

Huu ni ugonjwa wa kweli na wa kuogopwa. Usipotibiwa, unaweza kushambulia uti wa mgongo, viungo na hata moyo. Mgonjwa aliyethibitishwa kuwa nao hana budi kutibiwa, na matibabu yenyewe si mafupi.

Kulingana na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani (WHO), mgonjwa hupewa vidonge vya doksisaiklini kwa wiki sita. Pamoja navyo, hupewa ama rifampisini kwa kipindi hicho hicho, ama sindano za streptomaisini kwa wiki mbili au tatu, ama za jentamaisini kwa siku chache.

Tatizo ni kwamba homa, uchovu na maumivu ya viungo si dalili za brusela pekee. Malaria, kifua kikuu na maambukizi ya njia ya mkojo huja na dalili zizo hizo. Kwa wazee, kuna pia kulika kwa gegedu za magoti na nyonga, hali inayoletwa na umri na miaka mingi ya kutembea na kubeba mizigo.

Gegedu iliyolika haiwezi kurejeshwa na viuavijasumu, hata vikimezwa mwaka mzima. Nafuu anayoipata mgonjwa huenda imetokana na dawa ya maumivu aliyopewa pamoja navyo, au na tabia ya maumivu hayo ya kupanda na kushuka yenyewe. Lakini mgonjwa huamini kwamba vidonge vya brusela ndivyo vilivyomsaidia, na maumivu yakirudi hurudia vidonge vivyo hivyo.

Vipimo vya haraka navyo vina kasoro zake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2017 kutoka Busia, magharibi mwa Kenya, ulionyesha kwamba wengi wa wagonjwa walioambiwa wana brusela kwa kipimo cha haraka kilichokuwa kikitumika hospitalini hawakuthibitishwa kuwa nayo walipopimwa kwa njia za uhakika zaidi. Watafiti walipendekeza kipimo kiitwacho Rose Bengal kitumike badala yake.

Isitoshe, vipimo vingi vya brusela havitafuti bakteria wenyewe bali hutafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili huwaunda ili kupigana na bakteria hao. Askari hao huweza kubaki katika damu kwa muda mrefu hata baada ya mtu kupona.

Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2015 uligundua kwamba katika Marsabit, kaunti inayopakana na Isiolo, karibu nusu ya watu waliopimwa walikuwa na kingamwili za brusela. Hiyo haimaanishi kwamba nusu ya watu hao walikuwa wagonjwa siku hiyo. Wengi walikuwa wamewahi kukutana na bakteria hao wakati fulani maishani.

Kwa hivyo, mzee aliyechunga ng'ombe tangu utotoni anaweza kupimwa leo na kipimo kikasema ndiyo, ilhali yanayomuumiza ni magoti yaliyochakaa. Kasoro kama hiyo ipo pia katika kipimo cha Widal cha homa ya matumbo, ambacho kimewafanya wengi nchini kumeza viuavijasumu vya ugonjwa wasiokuwa nao.

Umbali nao huchangia. Kutoka Merti hadi hospitali ya rufaa ya kaunti iliyo mjini Isiolo ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Kwa mzee asiye na nauli, ni rahisi zaidi kumtuma mjukuu dukani na paketi tupu ya dawa za mwaka jana aletewe nyingine kama hizo. Sheria za Kenya zinataka viuavijasumu viuzwe kwa cheti cha daktari pekee, lakini kununua bila cheti bado ni jambo la kawaida katika miji mingi.

Mwili wa mzee hauchuji dawa kama zamani

Dawa ikimaliza kazi yake, sharti mwili uiondoe. Kazi hiyo hufanywa hasa na figo na ini. Kuanzia miaka ya makamo, uwezo wa figo kuchuja damu hupungua polepole, hata kwa mtu asiye na ugonjwa wowote. Mwenye kisukari au shinikizo la damu hupoteza uwezo huo kwa kasi zaidi.

Matokeo yake ni kwamba dozi inayomfaa kijana huweza kujilimbikiza katika damu ya mzee na kufikia kiwango cha sumu. Hata kipimo cha kawaida cha figo chaweza kudanganya. Kipimo hicho huangalia kemikali iitwayo kreatinini, ambayo hutoka kwenye misuli. Kwa kuwa misuli ya mzee imepungua, kreatinini yake yaweza kuonekana ya kawaida ilhali figo zimedhoofika. Ndiyo sababu daktari hukadiria nguvu za figo kwa kuzingatia pia umri na jinsia ya mgonjwa, na wakati mwingine uzani wake.

Aidha, wazee wengi tayari wanatumia dawa nyingine za kila siku. Viuavijasumu vinapoongezwa juu ya hizo, dawa hugongana mwilini. Mgongano huo ndio chanzo cha baadhi ya madhara mabaya zaidi.

Madhara yenyewe

Madhara yanayotokea mara nyingi zaidi huanzia tumboni. Ndani ya utumbo wa kila binadamu huishi mabilioni ya bakteria wasio na madhara, ambao husaidia kusaga chakula na kuwazuia bakteria waovu kupata nafasi. Viuavijasumu huwaua wema na wabaya bila kubagua.

Dozi zinapofuatana, wale wema hawapati muda wa kutosha kurejea. Nafasi yao huweza kuchukuliwa na bakteria aitwaye Clostridioides difficile, ambaye hutoa sumu inayochoma ukuta wa utumbo na kuleta kuhara kukali. Watu wenye umri wa miaka 65 na zaidi ndio walio katika hatari kubwa zaidi. Kuhara huko kwaweza kuanza hadi miezi mitatu baada ya dawa kumalizika, na kwa sababu hiyo ni wachache wanaokuhusisha na vidonge walivyomeza zamani.

Katika eneo lenye joto na uhaba wa maji kama Isiolo, mzee anayehara hupungukiwa na maji upesi, shinikizo la damu hushuka na figo huumia zaidi. Jamaa wengi hukimbilia kumnunulia kiuavijasumu kingine cha kuzuia kuhara, hatua ambayo yaweza kuzidisha balaa.

Fangasi nao hunufaika bakteria wema wanapokufa. Utando mweupe hujitokeza kinywani, hasa kwa wanaovaa meno bandia, na mzee huanza kukataa chakula kwa sababu ya uchungu.

Sindano za streptomaisini na jentamaisini zina hatari ya aina yake. Huweza kuharibu figo, na vilevile huweza kuua chembechembe za sikio la ndani zinazoshughulikia kusikia na kulinda usawa wa mwili. Chembechembe hizo zikifa haziotí tena. Mzee anayesikia mlio masikioni au anayepepesuka baada ya sindano hizo anapaswa kurudi hospitalini siku hiyo hiyo, kwa maana uharibifu huo huwa wa kudumu, na kuanguka mara moja kwaweza kumvunja nyonga.

Doksisaiklini, ambayo ni nguzo ya matibabu ya brusela, huweza kutoboa vidonda katika umio iwapo kidonge kitakwama njiani. Hutokea hasa pale mgonjwa anapomeza kidonge kwa funda moja la maji na kujilaza papo hapo. Inafaa anywe bilauri nzima ya maji na akae wima kwa angalau nusu saa. Dawa hiyo pia huifanya ngozi iungue upesi kwa jua.

Rifampisini hugeuza mkojo na machozi kuwa na rangi ya chungwa, jambo lisilo na madhara. Linalopaswa kuwatia watu wasiwasi ni kwamba dawa hii hulifanya ini livunje dawa nyingine kwa kasi. Vidonge vya kisukari, vya shinikizo la damu na vya kuzuia damu kuganda huweza kupoteza nguvu, na mgonjwa akaona sukari au presha imepanda bila kujua sababu.

Kuna pia siprofloksasini na dawa za jamii yake, ambazo hutolewa sana kwa homa ya matumbo na maambukizi ya mkojo. Mnamo 2008, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani (FDA) iliagiza dawa hizo ziwekewe onyo kali zaidi kwa kuwa zinaweza kukata kano, ile mishipa minene inayounganisha msuli na mfupa, hasa iliyo nyuma ya kisigino. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa waliopita miaka 60 na kwa wanaotumia dawa za steroidi.

Mwaka wa 2018 mamlaka hiyo iliongeza maonyo mengine. Ilisema dawa hizo huweza kushusha sukari kupita kiasi, hasa kwa wazee wanaotumia dawa za kisukari, kuvuruga akili, na kupasua mshipa mkuu wa damu unaotoka moyoni kwa watu ambao mshipa huo umedhoofika.

Hata Septrin, inayojulikana karibu katika kila nyumba, ina upande wake wa pili. Ikitumiwa pamoja na dawa za presha kama enalapril au losartan, huweza kupandisha madini ya potasiamu katika damu hadi moyo ukasimama. Watafiti katika jimbo la Ontario, Canada, waliripoti mwaka wa 2014 kwamba wazee waliotumia dawa hizo kwa pamoja walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kifo cha ghafla kuliko waliopewa kiuavijasumu cha kawaida cha amoksilini.

Dawa inapokosa makali

Mbali na madhara hayo, kuna hasara inayojitokeza polepole. Bakteria wanaoponea chupuchupu kila dozi ndio wanaozaana, na hatimaye dawa hukosa makali. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alitoa tahadhari kuhusu jambo hilo alipohutubu baada ya kutunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945.

Wazee ndio wanaolipa gharama kubwa zaidi. Uchambuzi wa kimataifa uliochapishwa katika jarida la The Lancet mwaka wa 2024 ulionyesha kwamba kati ya mwaka wa 1990 na 2021, vifo vinavyotokana na usugu wa dawa vilipungua kwa zaidi ya asilimia 50 miongoni mwa watoto walio chini ya miaka mitano, lakini vikaongezeka kwa zaidi ya asilimia 80 miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 70 na zaidi.

Kwa Isiolo, jambo hili lina uzito wa ziada. Rifampisini ni mojawapo ya dawa kuu za kifua kikuu. Mtu aliye na kifua kikuu kisichogunduliwa akipewa dawa hiyo kwa kudhaniwa ana brusela, vijidudu vya kifua kikuu huweza kujifunza kuihimili, na tiba yake baadaye ikawa ngumu na ndefu.

Maswali ya kumuuliza daktari

Yote haya hayamaanishi kwamba wazee wanyimwe viuavijasumu. Nimonia, maambukizi ya damu na brusela iliyothibitishwa huua au hulemaza, na mzee hudhoofika upesi kuliko kijana. Wakati mwingine hata homa haionekani, na dalili ya pekee ikawa kuchanganyikiwa kwa ghafla. Mzee wa namna hiyo apelekwe hospitalini bila kukawia.

Kadhalika, aliyeanza matibabu ya brusela iliyothibitishwa asiyakatize kwa sababu ameona nafuu, maana ugonjwa hurejea. Akipata madhara, arudi kwa aliyemwandikia dawa ili abadilishiwe, wala asiache kwa uamuzi wake mwenyewe.

Linalohitajika ni kuuliza kabla ya kila dozi mpya. Swali la kwanza ni ugonjwa umethibitishwa kwa kipimo gani. Iwapo mgonjwa amewahi kutibiwa brusela, daktari aelezwe ni lini na kwa dawa zipi, ili aamue kama kuna haja ya kipimo cha uhakika zaidi au kuchunguza sababu nyingine ya maumivu.

Swali la pili ni iwapo dozi inaafikiana na hali ya figo zake. La tatu ni iwapo dawa hiyo inagongana na nyingine anazotumia. Njia rahisi ni kubeba dawa zote za nyumbani katika mfuko mmoja, zikiwemo za maduka na za mitishamba, na kuziweka mezani mbele ya daktari au mfamasia.

Familia pia ina wajibu. Kijana anayeishi na mzee aandike katika daftari jina la kila dawa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Badiliko lolote linalojitokeza wakati wa matibabu au katika miezi mitatu baadaye, kama vile kuhara, kuyumba, kuchanganyikiwa, kupungukiwa na mkojo au maumivu ya kisigino, lisihesabiwe kuwa uzee kabla daktari hajaelezwa. Nchini Kenya, Bodi ya Famasia na Sumu hupokea ripoti za madhara ya dawa kutoka kwa wahudumu wa afya na kutoka kwa wananchi.

Chai ya maziwa, inayopendwa sana katika eneo hili, nayo isitumiwe kumezea vidonge. Maziwa huzuia dawa kama siprofloksasini kufyonzwa vizuri, na vivyo hivyo vidonge vya madini ya chuma na dawa za kiungulia. Maji matupu ndiyo yanayofaa, na maziwa yasubiri kwa saa mbili au zaidi.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Dozi iliyo salama kuliko zote ni ile ambayo mzee hakuihitaji. Kuchemsha maziwa huwaua bakteria wa brusela, ilhali kufukiza kibuyu kwa moshi, desturi ya tangu jadi miongoni mwa wafugaji, huyapa maziwa ladha na kuyahifadhi lakini hakutoshi kuwaangamiza. Hata maziwa yaliyogandishwa, kama vile susa ya ngamia, ni salama tu iwapo yalichemshwa kabla ya kugandishwa.

Katika jamii za Isiolo, wazee ndio wanaoketi chini ya mti kuamua ugomvi wa malisho na visima, na husemwa kwamba penye wazee haliharibiki neno. Jamii inayowategemea hivyo inapaswa kuchunguza wanachokimeza, na kabla ya kuwanunulia dozi nyingine, kuhakikisha kwanza kwamba wanaihitaji.